Nani Acheza, Nani Achezewa?

Lugha ya Kiswahili ina desturi ya kuweka mafumbo ya maisha ndani ya sarufi yake, na mwalimu asiye mwangalifu huyapita bila kuyaona. Tuchukue mfano wa kitenzi kucheza. Kila mwalimu aliyepata kufundisha mnyambuliko amekiandika ubaoni: cheza, chezesha, chezea, chezewa. Wanafunzi hunakili, hutunga sentensi nne, hufunga madaftari yao, na somo huwa limekwisha. Walakini katika maneno hayo manne mna swali zito la maadili. Achezaye hujifurahisha kwa hiari yake. Achezeshaye huuweka mchezo, huamua kanuni zake, na pengine hupokea kiingilio. Achezeaye hukitumia kitu, au mtu, kuwa chombo cha furaha yake. Na achezewaye ndiye aliyesalia. Kwake yeye hapana mchezo wowote.

Katika makala haya twataka kuuliza swali moja tu: je, ni halali kuyafanya mateso ya mwanadamu kuwa mchezo? Swali hilo si geni. Lakini zama zetu zimelipa sura mpya, kwa sababu ya ile michezo ya video inayochezwa katika kompyuta na simu, ambayo imekuwa biashara kubwa duniani, yenye mafundi wake, matajiri wake, na hata majarida yake. Nasi hatukulipata swali hilo vitabuni. Lilitujia darasani, hapa Buluk, siku tuliyotenda kosa.

Darasa la Buluk

Kwa wasomaji wasioujua mji wa Juba, Buluk ni mtaa mmojawapo wa katikati ya mji. Neno buluk, katika Kiarabu cha jeshi kilicholichota kutoka Kituruki, ni kikosi cha askari. Na hata leo makao makuu ya polisi wa Sudan Kusini yako mtaani humu. Lakini mpita njia wa jioni hataona kikosi. Ataona mama muuza chai na birika zake chini ya mti, viti vya plastiki, vijana wakigonga domino mezani, na wengine wameinamia simu zao wakicheza peke yao, kila mmoja na mchezo wake. Watoto watakuwa wanafukuzana na mpira baina ya boda-boda zilizoegeshwa.

Kiswahili hapa ni mgeni anayeanza kuzoeleka. Nchi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na tangu hapo watu wazima wengi wanaitafuta lugha hii kwa ajili ya kazi na safari. Aghalabu wanafunzi wetu wa jioni hawaanzi na mikono mitupu. Mmoja alikiokota Kiswahili Kakuma, mwingine Nairobi, mwingine katika makambi ya Uganda kwa wachuuzi na madereva. Ukimwuliza mwanafunzi wa Juba alijifunzia wapi Kiswahili, mara nyingi umemwuliza alikimbilia wapi. Hilo tulilijua. Tulilijua kama mtu ajuavyo kwamba mto una kina kirefu, hali hajapata kuuvuka.

Jioni moja kijana mmoja wa darasa letu alileta kurasa alizozichapisha, zenye habari za biashara ya michezo ya video. Humo mlikuwamo habari za Lual Mayen, mwana wa nchi hii, ambaye amebuni mchezo uitwao Salaam, ambamo mchezaji huwa mkimbizi anayeyakimbia mapigano. Darasa zima lilifurahi. Kuliona jina la nyumbani katika kurasa za matajiri wa Marekani si jambo la kila siku. Nasi tulifurahi kuliko wote, tukaona hapa pana somo tayari: mazungumzo, amri, vitenzi vya mwendo. Tukawagawia wanafunzi nafasi. Huyu awe mama, huyu mtoto, huyu askari wa mpakani, huyu mwandishi wa majina kambini. "Haya," tukasema, "tucheze mchezo wa kukimbia."

Msichana mmoja aliyekaa nyuma akasimama. "Samahani, ustaz," akasema, kwani ndivyo mwalimu aitwavyo hapa Juba, "mchezo huo mimi nilishaucheza kwa miguu." Akachukua daftari lake, akatoka, akaketi nje ukutani mpaka kipindi kikaisha. Sisi tuliendelea. Na, kwa aibu twakiri, tulipoyaita majina mwisho wa somo, tulitia alama ya kutokuwapo mbele ya jina lake.

Majarida ya wachezeshaji

Ili kuyapima yaliyotokea, hatuna budi kwanza kuieleza biashara yenyewe. Watu wengi hudhani kila jarida la michezo huandikwa kwa ajili ya wachezaji. Sivyo. Liko jarida la mchezaji, linalomwambia kipi ni kitamu. Na liko jarida la biashara, linaloandikwa kwa ajili ya watengenezaji na wauzaji, kama vile lilivyoko jarida la wenye viwanda vya nguo au la wakulima wa kahawa. Hilo la pili, kwa sarufi tuliyotaja, ni jarida la wachezeshaji.

Asili yake ni sarafu. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ilitoa mchezo uitwao Pong, wa vijiti viwili na nukta mithili ya mpira wa meza. Mashine ya kwanza iliwekwa katika baa moja mjini Sunnyvale, California. Husimuliwa kwamba haukupita muda mrefu mashine ikaharibika, na fundi alipoitwa kuitazama aliona hapana ubovu wowote: sanduku la sarafu lilijaa mpaka likaziba. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa 1974, likaanzishwa mjini New Orleans jarida la wenye mashine hizo, likaitwa Play Meter, yaani mita ya mchezo. Jarida hilo liliishi hata mwaka 2018. Jina lake lasema kweli kuliko hotuba ndefu: furaha ya watu ilikuwa imepata mita yake, kama maji ya bomba.

Baadaye michezo ilipohama kutoka katika baa na kuingia majumbani, mafundi waliibuni nao wakapata majarida yao. Mashuhuri miongoni mwake lilikuwa Game Developer, lililochapishwa Marekani tangu 1994 hadi 2013. Tungependa wasomaji waelewe kwamba halikuwa jarida la hila wala la upuuzi. Kila mwaka lilitoa uchunguzi wa mishahara ya wafanya kazi wa fani hiyo, hivyo mtu aliyelipwa chini ya wenzake akapata kujua. Na lilikuwa na safu iliyopendwa sana, iliyoitwa kwa jina la uchunguzi wa maiti. Humo mafundi waliokwisha kuutoa mchezo wao sokoni walikaa na kuupasua kama daktari apasuavyo maiti, wakaandika bila kuficha yaliyokwenda vizuri na yaliyokwenda vibaya: tulichelewa hapa, tulijidanganya pale, tuliwachosha watu wetu bure. Ni walimu wangapi kati yetu tunaothubutu kuandika hivyo juu ya masomo yetu mwisho wa muhula, tena kwa majina yetu, ili wenzetu wasome?

Lakini kila kipimo hupima kitu kimoja na kukiacha kingine. Mita ya maji haijui kama maji yamemnywesha mgonjwa au yamemwagika. Uchunguzi ule wa maiti ulihusu zaidi ratiba, fedha, vyombo na watu wa kazi. Mchezaji aliingia humo akiwa mnunuzi. Naye mtu ambaye maisha yake yalifanana na mchezo wenyewe, yule aliyeviona vita ambavyo wengine walivinunua kwa burudani, hakuwa na mlango wa kuingilia. Hatulaumu kupita kiasi. Jarida la wafugaji halitarajiwi kumhoji ng'ombe. Ila wahenga walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Jarida liliupasua mchezo. Waliochezewa hawakuulizwa lolote.

Mtu aliyejisimulia

Hapo ndipo kisa cha Lual Mayen kinapopata uzito wake. Huyu alizaliwa wakati wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan ya Kusini kuelekea Uganda. Dada zake wawili walifariki katika safari hiyo. Akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, akaishi humo miaka 22. Kompyuta aliiona kwa mara ya kwanza mahali wakimbizi walipoandikishwa, naye akiwa mtoto, akamwambia mama yake kwamba ataka chombo kile. Mama yake hakumcheka. Alijinyima miaka mitatu, akakusanya dola 300, akamnunulia kompyuta mpakato. Kambini hakukuwa na umeme wa kuichaji, ikawa kijana hutembea mwendo wa saa tatu kwenda kuitia moto, na saa tatu kurudi.

Mchezo wa kwanza alioupata katika kompyuta ile ulikuwa Grand Theft Auto: Vice City, wa mwaka 2002, ambao ni mchezo wa majambazi, bunduki na magari ya wizi. Ameeleza kwamba, akiutazama, alifikiri jinsi chombo chenye nguvu ya kuvuta akili namna ile kingeweza kuwafundisha vijana wenzake mambo ya amani, badala ya kuwazoeza kuona kuua kuwa furaha. Akajifunza peke yake kuandika programu, akaubuni mchezo wa Salaam, ukaenea kwa marafiki kutoka simu hadi simu. Mwaka 2017 alihamia Washington, akaanzisha kampuni aliyoiita Junub Games. Na Desemba 2018, katika sherehe za The Game Awards, alituzwa kwa mchango wake kwa jamii. Amebuni pia mchezo wa ubaoni uitwao Wahda, wa kuwaketisha pamoja vijana wa jamii mbalimbali. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kamusi kwa majina hayo. Salaam ni salamu yetu ya kila asubuhi, ambayo tumeitamka mara nyingi mpaka tumesahau kwamba ni dua ya amani. Na Wahda ni ndugu wa wahedi, yaani umoja.

Sasa tuangalie jambo moja la ufundi, maana ndani yake mna hoja. Katika michezo mingi ya simu, mchezaji hupewa nishati inayopungua kila atendapo kitu. Ikiisha, hana budi kungoja au kulipa fedha ili aendelee. Hii ni mbinu inayojulikana sana katika biashara hiyo: hukukatiza utamu katikati, kisha hukuuzia kipande kilichobaki. Mayen aliichukua mbinu hiyo hiyo akaigeuza. Mkimbizi wa mchezoni akiishiwa nguvu, mchezaji humnunulia chakula, maji au dawa kwa fedha za kweli. Na kwa mpango alioueleza mtungaji, fedha hizo hupitia kwa mashirika ya misaada zikawafikie wakimbizi wa kweli. Chombo ni kile kile kilichobuniwa kwa ajili ya kukamua mifuko. Tofauti iko katika mahali fedha ziendapo, na katika kule kumwambia mchezaji wazi kwamba zaenda huko.

Hoja za pande mbili

Kijana aliyeleta zile kurasa darasani alikuwa upande wa Mayen moja kwa moja. Alisema: afadhali mtoto wa Chicago acheze kukimbia na mama yake kuliko acheze kumpiga risasi mama wa mwenziwe. Akicheza kukimbia, ataona kiu. Akiona kiu, ataona huruma. Hoja hii ina nguvu, na imepata kukubaliwa na watu wazito. Mwaka 2014 mafundi wa Poland walitoa mchezo uitwao This War of Mine, ambamo mchezaji hana jeshi wala ushindi. Ni raia tu katika mji uliozingirwa, ambaye hutafuta dawa na kuni usiku. Mafundi hao walikuwa wameyafikiria mazingira ya mji wa Sarajevo. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuutia mchezo huo katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa shule, pamoja na vitabu. Basi mchezo wa video umekwisha kuketi rafu moja na riwaya.

Upande wa pili una hoja yake. Mwaka 2006 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa mchezo uitwao Darfur is Dying, kuhusu jirani zetu wa Darfur. Mchezaji humchagua mmoja wa jamaa, aghalabu mtoto, amtume kuteka maji huku wapiganaji wakimwinda kwa magari. Nia ya watungaji ilikuwa njema: walitaka dunia iamke. Hata hivyo waliulizwa, na ni haki waulizwe, kama hatari ya mtoto wa kweli yafaa kuwa zoezi la vidole kwa mtu aliyeketi katika chumba chenye baridi ya mashine. Mtoto wa mchezoni akikamatwa, mchezaji huanza upya. Mtoto wa Darfur hana pa kuanzia upya. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nasi twaweza kuongeza kwamba mtu aliyekilalia kitanda kwa dakika kumi, kisha akainuka akanawa, anaweza kudanganyika zaidi kuliko asiyekilalia kabisa, kwa kuwa yeye sasa adhani amewajua kunguni.

Zote mbili twaziona ni za kweli, na kwa muda tulishindwa kuchagua. Kilichotusaidia ni kuacha kutazama yaliyomo mchezoni na kutazama mchezo wenyewe ni nini.

Mchezo na hiari

Mwanahistoria wa Uholanzi, Johan Huizinga, aliandika mwaka 1938 kwamba sifa ya kwanza ya mchezo ni kuwa jambo la hiari. Mchezo wa kuamrishwa huwa umekwisha kuacha kuwa mchezo. Miaka 40 baadaye, mwaka 1978, mwanafalsafa Bernard Suits aliufafanua mchezo kuwa ni juhudi za hiari za kuvishinda vikwazo visivyo vya lazima. Fikirini mchezo wetu wa bao. Safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64. Hapana sababu yoyote duniani ya kuzihamisha kete zile kwa kanuni ngumu namna ile. Ukizitaka zote, zikusanye kwa mkono mmoja. Lakini wachezaji wawili wamekubaliana kwa hiari yao kujiwekea ugumu, na katika kukubaliana huko ndimo utamu uliomo. Na yeyote kati yao aweza kusema, "Basi leo, nimechoka," akainuka akaenda zake. Mchezo huo umeishi pwani miaka mingi sana bila mwenye mali na bila jarida la kuhesabu fedha zake.

Sasa mlinganisheni mchezaji wa bao na mkimbizi. Vikwazo vya mkimbizi ni vya lazima. Hakuvikubali. Hawezi kusema, "Basi leo." Kwa maana hiyo ukimbizi ni kinyume cha mchezo, si kwa sababu una huzuni, maana iko michezo ya huzuni, bali kwa sababu hauna mlango wa kutokea. Katika mapigano yaliyozuka hapa Juba Desemba 2013, na tena Julai 2016, hakuna aliyeulizwa kama yu tayari kuanza. Zaidi ya watu milioni 2 wa nchi hii wakajikuta wamehesabiwa katika madaftari ya nchi za jirani.

Ikiwa ndivyo, basi jawabu la swali letu laanza kuonekana. Kuyaigiza mateso katika mchezo si haramu kwa sababu ya mateso yenyewe, wala kwa sababu ya fedha. Fundi wa michezo naye hula, na mama aliyekusanya dola 300 hakuzikusanya ili mwanawe afanye kazi bure. Ubaya waingia pale hiari inapopotea: pale mwenye mateso anaposimuliwa bila ya kuwa na kauli, au anapolazimishwa kuyacheza. Mayen amelikidhi sharti la kwanza kwa kuwa anayasimulia yaliyompata yeye na watu wake. Sauti ni yake, na kosa likiwapo ni lake, nasi twaweza kumwuliza. Hapo achezewaye amesimama akawa mchezeshaji, na sarufi yote imegeuka.

Yuko msomaji atakayetupinga hivi: je, mwataka kusema kwamba asiyekimbia vita asivisimulie? Tukisema hivyo tutaichoma moto nusu ya maktaba. Shaaban Robert hakuwa askari, na hata hivyo alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya 1939 hadi 1945, na hakuna aliyemwambia alivua samaki katika bahari ya mwingine. Twakubali. Kusimulia si milki ya aliyeumia peke yake. Lakini asimuliaye maumivu ya mwingine amekopa, na mkopaji hana budi kumkabili mwenye mali: amsikilize, amwonyeshe kazi yake, akubali kukosolewa naye. Laiti yale majarida ya wachezeshaji, na yale yaliyoyarithi, yangeiongezea safu ya uchunguzi wa maiti swali moja tu: waliofanana na watu wa mchezo huu walisemaje walipouona?

Mpingaji wa pili ni mwalimu mwenzetu. Yeye atasema: shule haiendeshwi kwa hiari. Mwanafunzi asiyependa hesabu asiruhusiwe kutoka nje akaketi ukutani. Na asiyependa historia ya vita ataijuaje nchi yake? Huyu naye ana haki. Mwalimu anayo mamlaka ya kumwamuru mwanafunzi asome habari za vita, azijue tarehe zake na sababu zake, hata zikimchoma. Huko ni kujifunza, na kujifunza kuna lazima yake. Mamlaka hayo yanakomea kwenye mlango wa mchezo. Twaweza kumwambia mwanafunzi, "Soma." Hatuwezi kumwambia, "Cheza ulivyokimbia," kwa sababu tukiamuru mchezo tumeuua, na kinachobaki mikononi mwetu ni kukimbia kwenyewe kwa mara ya pili.

Na hapo, ndugu wasomaji, ndipo tulipoliona kosa letu kwa ukamilifu wake. Kijana aliyezileta zile kurasa alikuwa amecheza. Mayen, aliyeutunga mchezo, alikuwa amechezesha kwa haki. Sisi tulimchukua binti aliyekuja kujifunza lugha, tukataka miguu yake iwe chombo cha somo letu zuri. Tulikuwa tunamchezea. Naye alipoutumia uhuru ule ambao hakuwa nao siku ya kukimbia, uhuru wa kusema "basi" na kutoka, sisi tulimhesabu kuwa hayupo. Ya nini kulilaumu jarida la New Orleans kwa kuwa na mita, ilhali nasi tulikuwa na yetu, nayo ni daftari la mahudhurio?

Tulichofanya baadaye

Siku ya pili tulimngoja mlangoni, tukamwomba radhi. Hatukumweleza falsafa yoyote. Alisikiliza, akasema "hapana neno," na macho yake hayakusema hivyo. Tulipomwuliza kama angependa siku moja kuandika insha juu ya safari yake, kwa faida ya wenzake, alijibu kwamba akitaka ataandika, na asipotaka hataandika. Tukaona hilo ni jibu kamili. Kisha, mbele yake, tukaifuta ile alama katika daftari la mahudhurio. Alitazama, hakusema kitu, akaenda kuketi mahali pake pa nyuma.

Hajaandika insha hiyo mpaka leo. Mitihani yake ya sarufi ameifanya vizuri. Yule kijana mwenye kurasa bado anajifunza kuandika programu katika kompyuta ya kuazima, na ana ndoto ya kuwa kama Mayen; twamtakia heri, na tumempa kazi ya kutafuta maneno ya Kiswahili yatakayofaa katika mchezo wake. Somo la maigizo lingalipo darasani mwetu. Ila sasa tunawaachia wanafunzi wenyewe wachague kisa, na katika kila kisa pana nafasi ya mtazamaji, asiyeulizwa kwa nini ametazama. Mara nyingi wao huchagua arusi, au ubishi wa nauli na mwenye boda-boda, na darasa hucheka mpaka mama wa chai huja kuchungulia dirishani.

Twatambua kwamba wako walimu, hasa wafundishao katika makambi, ambao wameiona michezo ya kuigiza ikiwafungua vinywa watoto waliokuwa bubu kwa hofu. Hatubishani nao. Pengine wao wanajua namna ya kuuacha mlango wazi ambayo sisi hatukuijua jioni ile. Tungefurahi kuisoma katika kurasa za taarifa hii.